Mashine ya ngoma ni nzuri, duka ndilo lililoniudhi (Mwanza)

Nimetoa nyota moja na naandika hasira ikiwa bado ya moto. Mashine yenyewe ni ya mtumba, ya kukaa mezani, stepu 16 (nafasi 16 za kupanga midundo), tundu la umeme volti 9. Nililipa, risiti ikaandikwa. Muuzaji akavuta adapta ya ruta ya intaneti kwenye boksi la adapta mchanganyiko ili aniwashie. Nikamwambia, "Kaka, subiri, hapo chini wameonyesha hasi iko katikati ya pini." Akanijibu mbele za wateja: "Braza, volti 9 ni volti 9, hivi vitu nauza kila siku." Akachomeka. Taa haikuwaka, ikatoka harufu ya kuungua. Kisha akanionyesha mstari wa chini wa risiti: mali ikishauzwa hairudishwi. Pole hakuna!

Mtu anayeuza vifaa vya muziki lazima aijue alama ile: duara lenye nukta katikati, mstari mmoja unaenda kwenye nukta, mwingine kwenye duara. Mstari wa nukta ukitokea kwenye alama ya kutoa, hasi iko katikati. Adapta za ruta kwa kawaida ni chanya katikati. Hata watengenezaji wa vifaa vya muziki hawafanani: Korg Volca inataka chanya katikati, pedali za Boss hasi. Huwezi kukisia. Mita ya bei ndogo inamaliza ubishi: weka volti za DC 20, waya mwekundu ndani ya pini, mweusi nje. Ikisoma -9, hasi iko katikati. Volti zilingane, ampea ziwe sawa au zaidi ya zilizoandikwa kwenye mashine. Zile adapta nzito za zamani zilizoandikwa 9 zinaweza kutoa 12 au zaidi zikiwa hazina mzigo, kwa hiyo nazo zipime.

Bahati ni kwamba kilichokufa ni dayodi ya ulinzi tu, kile kijisehemu kinachopitisha umeme upande mmoja. Hufungwa kati ya chanya na hasi. Umeme ukiingia kinyume, inaubeba yenyewe na kushoti kabla haujafika kwenye saketi. Fundi redio aliing'oa, akaweka dayodi mpya ya 1N4001, mashine ikawaka. Kifaa cha shilingi mia chache, na duka zima halikutaka hata kufungua skrubu.

Sasa mashine. Niseme ukweli, ni tamu. Kiki (ngoma kubwa) inajaa, sneya (ngoma kali) inakata, na unaweza kufupisha patani, yaani mpangilio wa midundo, iishie stepu ya 12, kwa hiyo midundo ya sita kwa nane inakaa bila kulazimishwa: kiki kwenye 1 na 7, haihati (matoazi) unazipanga katikati. Mashine nyingine zinakubana kwenye 16. Ukitaka singeli na tempo haifiki, weka nusu ya kasi kisha jaza stepu mara mbili. Hifadhi patani kila ukimaliza, maana umeme ukikatika kabla hujahifadhi, kazi imekwenda. Betri tumia alkalini. Zile za bei rahisi zinalegea haraka. Na ifunike usiku, wadudu wa ziwani wakifuata taa wanaingia kwenye slaida.

Kuna wanaosema mashine kama hii kiki yake ni dhaifu. Angalia waya kwanza! Tundu la kutokea ni la stirio. Ukichomeka waya wa stirio moja kwa moja kwenye ingizo la mono la mikisa lenye balansi (linalosoma tofauti ya nyaya mbili), mikisa inaondoa sauti ya kulia kutoka kwenye ya kushoto, na kila sauti iliyokaa katikati inafutika. Kiki hukaa katikati. Tumia waya wa Y wenye pini mbili za mono, chaneli mbili, moja ipeleke kushoto, nyingine kulia. Muuzaji yule alinipa waya ule ule mbaya akiuita "wa studio".

Basi nyota moja ni ya duka, mashine nne. Hapana, tano, nikiisikiliza siwezi kuipunguzia. Bei yao ilikuwa nafuu, hilo siwakatalii, na ukienda na adapta yako, mita na hedifoni, huenda ukatoka salama. Ila usimruhusu yeye achomeke chochote.