Turubai nyota tano, orodha nyota moja

Wenzangu mnazipa nyota simu na majiko ya gesi. Mimi sijanunua kitu cha maana siku nyingi, kwa hiyo nitakisemea nilichopewa: mzigo wa msaada wa mafuriko, Rufiji, Aprili 2024.

Maji yalitukuta kumi la mwisho la Ramadhani, mpunga umeshatoa masuke. Siku ya pili shamba halionekani. Siku ya tatu nikafuturu juu ya dungu la kulindia ndege, mimi, kuku wanne na cherehani yangu, hadi mtumbwi ulipokuja kutuchukua. Idd tukaila mwinukoni, kambini. Mzigo ukafika siku chache baadaye: turubai moja, blanketi mbili, ndoo ya lita 20, chandarua, unga wa sembe kilo 25 na maharage kilo 5.

Turubai ndilo lililonishangaza. Nilitegemea nailoni ile ya kufunikia mchanga, ambayo upepo mmoja tu inabaki vipande. Hili lilikuwa zito, limefumwa, na pembeni lina mikanda yenye matundu ya kupitishia kamba. Lilikuwa nyumba yangu kwa miezi minne. Maji yalipopungua tukashuka kulima mlau, kile kilimo cha kwenye unyevu unaoachwa na mafuriko, nikalianikia mahindi. Sasa ni paa la banda la mbuzi, na limechanika pembe moja tu, mbuzi mwenyewe kalitafuna. Nyota tano bila ubishi.

Blanketi zinatoa manyoya, nyota tatu. Chandarua kizuri. Unga ulikuwa safi, hauna wadudu. Ila maharage! Yalikuwa ya zamani, magumu kama kokoto. Unayabandika baada ya adhuhuri, isha inaadhiniwa bado yanagonga sufuria. Na kuni zenyewe za kuvizia, maana bonde zima limelowa. Aliyepanga maharage yale hajawahi kupika kwenye mafiga matatu chini ya mvua. Nyota moja, na hiyo nampa mkulima aliyeyalima.

Sasa tuje kwenye orodha, ndipo kidonda kilipo.

Ugawaji ulifanyika chini ya mwembe. Meza ya shule, karatasi zimebanwa kwenye ubao, kidau cha wino wa zambarau. Nilipofika zamu yangu jina halipo. Lipo la mume wangu. Nikamwambia yule kijana, baba, huyu tumemzika tangu 2019. Akanijibu, "Mama, kaya inasomwa kwa jina la baba." Kwa hiyo marehemu ndiye mwathirika, mimi niliyelala na kuku dunguni ni mpita njia. Nikapewa, ila nimepewa kwa jina la maiti.

Nyuma yangu alikuwa mjomba, miaka 76. Kijana akamsogezea kidau. Mjomba hakunyoosha mkono. Akaniambia mimi, si yule kijana: "Mwanangu, hebu nisomee hapo juu pameandikwaje."

Hapo juu hapakuonekana, chuma cha kubania kilikuwa kimepafunika. Kijana akasema, "Mzee, ni ya unga tu hii."

"Hata ile ilikuwa ya unga tu," mjomba akasema, akachukua bakora yake akaondoka.

Asiyetoka bondeni hataelewa "ile" ni ipi. Baada ya mafuriko ya 1968 serikali iliendesha Operesheni Rufiji, watu wakatolewa bondeni wakapelekwa kwenye vijiji vipya vya mwinukoni, mbali na udongo wa mto. Mjomba alikuwa kijana wa miaka 20. Anavyosimulia yeye, chakula kiliwekwa juu, ukikitaka panda, na ukishapanda usishuke. Kwa hiyo mwaka ule wa 2024 tulipoanza kuambiwa tena habari za kuhamia mwinukoni moja kwa moja, wazee walikuwa wameshaujua wimbo.

Halafu kuna bwawa. Serikali inasema Bwawa la Nyerere, lile la umeme huko juu ya mto wetu, lilipunguza nguvu ya maji, bila hilo tungekoma zaidi. Huku wengi wanasema maji ni ya bwawa. Mimi si mhandisi, siwezi kuamua. Ninachojua ni kwamba aliyeshika funguo za mageti na anayeleta unga, kwa macho ya mwanakijiji, ni mtu mmoja, na mtu huyo haji kutueleza. Anatuma kidau.

Yakazuka pia maneno kwamba bila kadi ya chama hupati kitu, kwa kuwa Novemba ya mwaka uleule kulikuwa na uchaguzi wa serikali za mitaa. Kambini kwetu sikuliona hilo. Jirani yangu ni mpinzani wa kutangaza kwenye kibaraza, na alibeba turubai kama langu. Lakini orodha haikubandikwa popote. Ingebandikwa pale kwenye mwembe, neno hilo lingekufa jioni ileile.

Nikamwomba kijana afungue kile chuma. Akanuna, akafungua. Pameandikwa: Fomu ya kupokea vifaa. Basi, hakuna kuhama, hakuna shamba. Kweli ilikuwa ya unga tu! Nikakimbia kumwita mjomba, akakataa kurudi, na sikuruhusiwa kumpokelea.

Jioni nikampelekea sahani kutoka kwenye sufuria yangu. Akaitazama bila kuigusa.

"Uliweka dole?"

"Nilisoma kwanza, mjomba."

Akanawa, akamega tonge, akatafuna kwa muda mrefu sana.

"Maharage yako hayajaiva," akasema.