Soksi za kuzuia ruba: kitambaa safi, kamba ndo shida

Hizi soksi nilizinunua kwa kazi moja tu, kuhesabu vyura usiku bwawani na kwenye vichaka vya pembeni, na niseme ukweli ruba hawapiti. Sio zile za kuvutika za kuchezea mpira, hizi ni kitambaa kilichofumwa kikabana kabisa, zinafika chini ya goti, unavaa juu ya suruali halafu ndo unaingiza buti. Soksi ya kawaida ruba mwenye njaa anakuwa mwembamba kama uzi anapenya kwenye matundu we huna habari mpaka uone damu, na hiyo damu haikatiki upesi maana mate yake yanazuia isigande.

Rangi chukueni nyeupe au krimu. Ya kijani inapendeza pichani tu, ukimulika tochi humwoni anavyopanda.

Ila kilichonifurahisha kuliko vyote ni kwamba sijipaki tena dawa ya wadudu. Kuna watu wanajimwagia dawa, wanapakaa na chumvi, halafu mkono huohuo wanamshikia chura, na chura ngozi yake ndo anapitishia maji na hewa, yaani unamlisha sumu huku unajiita mhifadhi! Tathmini ya dunia ya 2023 ilisema kama asilimia 41 ya spishi za amfibia, yaani vyura na jamaa zao, ziko hatarini kutoweka, jamani tusiwaongezee mzigo.

Na mtakutana nao tu vyura wenye ruba, mara kwapani, mara pembeni ya jicho, ruba kavimba mpaka anang'aa. Chura mkubwa mwenye afya mi namwacha, ruba akishiba anadondoka mwenyewe na yeye pia ni mkazi wa hapo. Kesi ngumu ni wadogo, kachura kakivamiwa na ruba kadhaa kanaweza kufa, na kuna ruba wengine wanakula mayai na viluwiluwi kabisa. Kama una kibali cha kuwashika na lazima umtoe ruba, pitisha kucha taratibu chini ya mdomo wa ruba, chumvi na moto hapana.

Sasa kasoro. Kamba ya juu ikilowa inateleza, soksi inashuka na hapo ruba kapata mlango, mi niliitoa nikaweka kamba bapa ya kiatu. Mshono wa kisigino unakwangua. Halafu zinachelewa kukauka, na hili sio la kupuuza kwa sababu kuna kuvu (aina ya ukungu) inaitwa kitridi, inaua vyura, nayo inasafiri kwenye tope na vifaa vyenye unyevu, kwahiyo kabla ya kwenda bwawa jingine unafua, unaua vijidudu, unasuuza, unakausha hadi zikauke kweli. Nunua pea mbili, moja ivaliwe nyingine iko kambani.

Nyota 4 kati ya 5. Saizi chukua kubwa kidogo, zinabana kwenye unyayo.