Walimzimia maiki dada wa watu: uzoefu wangu na vikao vya watathmini wa mazingira

Kama wewe ni mtathmini wa miradi ya mazingira na umeletewa mwaliko wa vile vikao vya mtandaoni ambako wenzako wanaeleza kazi zao kwa zamu, soma hapa kabla hujachoma bando lako.

Siku za vikao na kiasi cha ada vipo kwenye tangazo lao. Mimi nina jambo moja tu, na limenikaa kooni.

Kwenye kikao cha majuzi, masika haya haya, zamu ilikuwa ya dada mmoja wa pwani ya Kenya aliyekwenda kukagua mradi wa kupanda mikoko. Alianza vizuri mno. Hakuleta jedwali la viashiria lililojaa kijani juu mpaka chini. Alileta picha. Kamba imefungwa kwenye miti minne, imezungushia kipande cha tope, na ndani yake miche imesimama kama vijiti vya mishikaki, haina jani hata moja. Akaivuta picha karibu: shina zima limegandwa na vile vigamba vyeupe vikali vya baharini, vile vinavyochana nyayo ukipita majini. Akasema, "Hapa walipanda mkoko mahali pa mlilana."

Anayeijua pwani ameshaelewa. Mkoko na mlilana ni aina mbili tofauti za miti ya mikoko. Mlilana ndio unaokaa mbele, unaopigwa na wimbi. Mkoko uko nyuma yake, kandokando ya vijito. Lakini mche wa mkoko hauna kazi: unaokota ile mbegu yake ndefu chini ya mti, unaichomeka kwenye tope, umemaliza. Watoto wa shule watapanda mingi asubuhi moja na picha zitatoka nzuri. Mlilana una mbegu ndogo, unataka kitalu na subira. Basi mkoko unachomekwa popote palipo wazi, na palipo wazi mara nyingi ni kule mbele, ambako haukuwahi kuota wenyewe. Ripoti inahesabu miche iliyopandwa. Iliyopona hakuna anayeiuliza mpaka mradi umeshafungwa na magari yameshaondoka.

Yule dada alikuwa anaingia hapo hasa, jinsi alivyohesabu iliyo hai, mwongozaji akamkata.

"Dada, leo tuna wageni. Tupeleke kwenye mafanikio."

Akajibu kwa adabu kabisa: "Sawa kaka, niruhusu nimalizie hili moja, ndilo litakalowasaidia wenzangu."

Maiki ikazimwa. Tulimwona midomo inacheza, sauti hamna. Picha yake ikaondolewa, ikawekwa slaidi ya shukrani yenye nembo, na muda uliobaki wote akapewa mwakilishi wa mfadhili. Hata pole dada hakupewa. Mtu mzima, mtaalamu, aliyezama kwenye tope lile mpaka magotini ili atuletee ukweli!

Nilikasirika mpaka mikono ikatetemeka, na sababu ninayo. Kazi hii ina upweke. Ukikuta miche imekufa, wa kumwambia ni yule yule anayekulipa, na mkataba unasema ripoti ni mali yake. Anayeweza kukuelewa bila kukuogopa wala kukutisha ni mtathmini mwenzako. Hitaji hili si la leo: watathmini wa bara hili walikutana Nairobi mwaka 1999 na Chama cha Tathmini cha Afrika kikaanzia pale. Sasa kama hata mbele ya wenzetu tunatakiwa kusema mazuri tu, tunakutana kwa nini?

Hata hivyo sitasema uongo kwamba vikao hivi havijanifaa. Mwaka jana kaka mmoja alituchambulia mradi wa Mikoko Pamoja wa Gazi, kule Kwale, ambako tangu 2013 wanakijiji wanauza hewa ukaa, yaani wanalipwa kwa hewa chafu inayonaswa na kutunzwa na hekta 117 za mikoko, na fedha zinakwenda kwenye maji na shule za Gazi na Makongeni. Alilotufungua macho ni kwamba pale mti unahesabiwa ukiwa umesimama, kwa sababu mti uliokufa hauna hewa ukaa ya kuuza. Mwingine akatukumbusha mvua za El Niño za 1997 na 1998, zilivyoshusha tope na kufukia mizizi ya mikoko kwenye kijito cha Mwache karibu na Mombasa, mikoko ikakauka. Ukitathmini mradi mahali kama pale bila kuutazama mto, utamlaumu asiye na kosa. Siku iliyofuata nililibadilisha dodoso langu: nikaongeza safu ya miche hai baada ya mwaka, na swali kuhusu mto.

Kwa hiyo nataka kusema jiungeni. Halafu nakumbuka "leo tuna wageni" na moyo unakataa. Wenye kikao ni sisi!

Kilichonituliza kidogo hakikutoka kwa waandaaji. Usiku ule ule mtu alimtafuta yule dada, akamwingiza kwenye kundi letu la WhatsApp. Akatutumia ile sehemu iliyokatwa kwa ujumbe wa sauti, yote. Wa Rufiji wakaleta picha zao, wa Pemba wakaleta, wa Lamu naye, kila mmoja na miche yake iliyokufa ambayo hakuwahi kumwonyesha mtu. Tulikesha. Sijapata kuwa na wenzangu namna ile katika kazi hii.

Nimewaandikia waandaaji: dada arudishwe kwenye ratiba, apewe saa nzima, na aombwe radhi mbele ya waliokuwepo. Hawajajibu, na ada ya mwaka huu sitoi mpaka wajibu. Wewe ukiamua kuingia, ingia, lakini waombe watu namba zao mapema, kabla slaidi ya shukrani haijawekwa.