TAHADHARI: Machujio "ya arseniki" yanayouzwa kwa mita ya TDS na maji yanayogeuka chai

Wenye visima wa ukanda wa dhahabu, Geita hadi Mara, kuweni macho na wauzaji wanaokuja na mita ya TDS (kipimo cha chumvi zilizoyeyuka majini) mkono mmoja na vijiti vya umeme mkono wa pili. Hatari yenyewe ipo: miamba ya huku ina arsenopairaiti, madini yenye arseniki, na sumu hiyo ikiingia majini haina rangi, harufu wala ladha. Kuchemsha hakuitoi, maji hupungua, yenyewe inabaki. Ndiyo maana hofu yake inauzika.

Onyesho lao ni hili. Vijiti vinachovywa kwenye glasi ya maji yako, dakika mbili yamekuwa rangi ya chai, unaambiwa "sumu hiyo". Ni kutu ya vijiti vyao. Mwambie arudie kwa maji ya mvua yaliyotiwa chumvi kidogo, uone kama hayageuki vilevile. Halafu mita ya TDS: inasoma chumvi zote kwa jumla, na namba ndogo inayoweza kuonyesha ni miligramu 1 kwa lita. Kikomo cha arseniki ni 0.01, mara 100 chini ya hapo.

Dai chujio lifunguliwe. Ukikuta changarawe na mkaa tu, rudisha. Mkaa huondoa harufu na klorini, arseniki huigusa kidogo mno. Mkaa wa mifupa wanaoutumia Arusha ni wa kuondoa floraidi. Zinazonasa arseniki ni chembe za haidroksidi ya chuma, za kahawia iliyokolea, au alumina amilifu, nyeupe. Alumina ina masharti: inataka pH (kipimo cha uchachu wa maji) ya 5.5 hadi 6, tena arseniki ya III, mojawapo ya aina mbili za arseniki majini (nyingine ni ya V), inayopatikana sana kwenye maji ya chini yasiyopata hewa, huipita kwa kuwa haina chaji ya umeme. Sharti maji yatiwe klorini kwanza ili igeuke V. Fosfeti na silika nazo hugombea nafasi zilezile kwenye chembe. Muuzaji asiyeuliza habari hizo anauza ndoo tu.

Piga hesabu ya muda. Maji yanatakiwa kukaa kwenye chembe kama dakika 5, hivyo lita 2 za chembe hutoa lita 0.4 kwa dakika, na ndoo ya lita 20 huchukua dakika 50. Akijaza ndoo kwa dakika tatu kwa chujio la ukubwa huo, maji yamepita tu.

"Linadumu maisha" ni uongo. Chembe hujaa, na zikijaa ladha na kasi ya maji havibadiliki. Cheti cha siku ya kufunga hakitoshi, kwani siku hiyo hata chembe duni hunasa.

Kabla hujamaliza kulipa, peleka sampuli mbili, ya kabla ya chujio na ya baada, maabara ya ubora wa maji; Mwanza ipo. Taja arseniki kwa jina, chupa yenye asidi waombe wao. Rudia baada ya mwezi, kisha kila miezi mitatu. Chembe zilizochoka usizimwage karibu na kisima, wala usikubali kuuziwa "dawa ya kuziosha" ya magadi: magadi huipandisha pH, na arseniki iliyonaswa huachiwa irudi majini.