Kusaka vinyonga na vyura Nairobi: mchana ama usiku?

Mimi nimejaribu zote mbili na kusema ukweli, usiku ndio mambo. Mchana unaingia msitu wa Karura na watoto, mnatembea pole pole, mijusi wako tele wakiota jua kwa mawe, lakini kinyonga mwenyewe unaweza kumpita mara tatu hapo hapo kwa tawi usimwone, kijani juu ya kijani, na vyura wengi wamejificha.

Sasa usiku, mvua ya Aprili imetoka kunyesha, uko kwa shamba la rafiki huko Karen (msitu wenyewe hufungwa jioni), unamulika kichaka na tochi: kinyonga akilala rangi hupauka, anaonekana kama kikaratasi kimekwama kwa tawi, mkia umejikunja, na kama ni yule dume wa pembe tatu usoni anafungua jicho moja anakuangalia tu kama umemkosea. Vyura nao hutafuti, unafuata kelele.

Ubaya ni kifutu, yule nyoka wa sumu, naye hupenda kutembea usiku, kwa hivyo gambuti ni lazima na mikono usiingize shimoni. Mchana angalau unaona pa kukanyaga. Na mbu, wuueh! Kama hujawahi, anza mchana, mimi nangoja mvua.