Mfumo wa IECEx wa kukagua vyeti mtandaoni: mafundi wa Mtwara na Lindi itumieni jamani, ni bure

Wadau habari zenu. Nataka kusifia huduma moja ambayo huku kusini naona wanaoitumia ni watu wa makampuni makubwa tu, wakati sisi wakandarasi wadogo ndo tunaoihitaji zaidi. Ni mfumo wa vyeti vya IECEx, yaani vyeti vya kimataifa vya vifaa vinavyofungwa sehemu zenye gesi au vumbi linaloweza kulipuka, na hasa ule ukurasa wao wa kutafuta cheti. Haulipiwi na hautaki ujisajili, unaingiza namba ya cheti kinafunguka hapo hapo.

Tulipata kazi ya kufunga taa kwenye sehemu ya kujazia mitungi ya gesi hapa Mtwara mjini. Mzigo ukaja kutoka kwa muuzaji mmoja wa Dar, taa nzito kweli za alumini, kioo kinene, kibati kimegongwa vizuri Ex d IIC T6 (yaani aina ya kinga, kundi la gesi na kiwango cha joto) na namba ya cheti chini yake, na muuzaji akatuma karatasi ya rangi yenye muhuri. Ukiishika mkononi huwezi kuitilia shaka. Nikaingiza ile namba kwenye simu, cheti kikaja, cha kweli kabisa na bado kiko hai, ila ni cha kisanduku cha kuunganishia nyaya cha kiwanda kingine! Taa haijatajwa popote. Kumpigia muuzaji ananiambia "bosi wangu hivyo vyeti vinafanana tu". Vinafanana vipi wakati hiyo taa hakuna maabara iliyowahi kuilipulia gesi ndani kuona kama itahimili? Mzigo ukarudishwa ulivyo na mwenye kazi akatuelewa, mana tulimwonyesha kwenye simu yeye mwenyewe akasoma.

Ninachokipenda zaidi ni kwamba huoneshwi jina tu. Unaona cheti kizima, aina za vifaa vinavyohusika, viwanda vinavyoruhusiwa kuvitengeneza, matoleo ya nyuma ya cheti, na kama kipo hai, kimesimamishwa au kimefutwa. Namba yenyewe nayo inaongea: herufi zinazofuata baada ya IECEx ni za taasisi iliyotoa cheti, zinafuata tarakimu mbili za mwaka, halafu namba ya mfululizo. Mwishoni kukiwa na X msipite haraka jamani, maana yake kuna masharti maalumu ya kukitumia na yameandikwa mle ndani, mfano usifute sehemu ya plastiki kwa kitambaa kikavu kwa sababu ya chaji ya umeme tuli, au utumie kebo inayovumilia joto kubwa zaidi. Ikiwa U basi hiyo ni sehemu tu ya kifaa, haifungwi peke yake.

Na ukishasoma cheti hutauziwa herufi tena. Hizo T ni joto la juu kabisa ambalo uso wa kifaa unaweza kufika, T6 ni nyuzi 85, T4 ni 135, T3 ni 200. Gesi yetu ya Mnazi Bay kwa sehemu kubwa ni methane, hiyo haiwaki kwa joto la uso mpaka lipite nyuzi 500, na gesi ya mitungi pia iko kundi la IIA, sio IIC ambalo ni la vitu kama haidrojeni. Kwahiyo IIC T6 haina ubaya ila muuzaji asikutishe nayo akupandishie bei, angalia mchoro wa maeneo ya hatari unataka nini. Kitu kingine, methane inapanda juu lakini gesi ya mitungi inashuka na kutambaa chini hadi kwenye mitaro, mtu anakopi mpangilio wa soketi na swichi wa sehemu moja anaupeleka nyingine, hapana, hatari haikai sehemu moja.

Nikilinganisha na ATEX ya Ulaya, ile ni sheria yao (2014/34/EU, ilianza kutumika Aprili 2016) na ni nzuri tu, ila haina sehemu moja ya wazi ya kutafuta vyeti vyote, na kwa vifaa vya umeme vya zoni 2 (sehemu ambayo gesi hutokea kwa nadra na kwa muda mfupi) mtengenezaji anaruhusiwa kujitangazia mwenyewe. Kwa fundi aliyeko Mikindani au Kilwa anayetaka jibu kabla hajasaini kupokea mzigo, IECEx inamfaa zaidi. Vifaa vingi vina alama zote mbili, tafuta ile ya IECEx.

Sasa mapungufu. Vyeti ni vya Kiingereza kigumu cha kisheria, kijana ametoka chuo juzi anaweza kukisoma chote asijue kama kifaa chake kimo au hakimo. Pia cheti kinaishia getini kwa kiwanda. Kuna sanduku la Ex d nimeliona pwani ya Lindi, cheti chake safi kabisa, lakini glandi ya shaba (kile kibano cha kebo inapoingia) imetolewa ikawekwa ya plastiki, bolti nyingine hazipo na kwenye flanji, pale mfuniko unapokutana na sanduku, mtu kapaka silikoni ili maji ya chumvi yasiingie. Hilo sanduku kazi yake ni kuacha mlipuko utokee ndani na moto upoe ukipita kwenye upenyo mwembamba wa flanji, ukishachezea upenyo hapo huna kinga tena. Wana mpango mwingine wa kuthibitisha karakana za matengenezo na mwingine wa ujuzi wa watu, vyote vinatafutika humo humo, lakini kwa mtu wa kawaida gharama za mtihani ni mzigo.

Natoa nyota 4 kati ya 5, moja nimeibakiza kwa sababu ya lugha. VETA Mtwara na Lindi wangewafundisha vijana wa umeme kutafuta na kusoma hivi vyeti ingesaidia sana, somo la asubuhi moja tu linatosha, na mwenye simu yenye bando anaweza kuanza leo na taa iliyoko stoo kwake.