Fundi umeme wa Ng'ambo, Tabora: ameniokolea Landrover ya mzee

Jamani huyu fundi ni noma. Nina Land Rover Series III ya marehemu babangu, mwezi mzima stata inajikongoja, ukiwasha indiketa, taa kubwa nazo zinafifia. Fundi wa kwanza (simtaji) akaniuzia betri mpya, gari likarudi kulekule, hela imeenda.

Huyu wa Ng'ambo hata hakugusa betri. Kachukua mita yake iliyofungwa na raba, waya mmoja kwenye negative ya betri mwingine kwenye blok ya injini, akaniambia piga stata, namba ikaruka volti 1.3, akacheka akasema mzee hapo isingezidi 0.2, umeme wako unakosa njia ya kurudi. Akaingia chini, akatoka na ule mkanda wa ethi (ndo njia yenyewe ya kurudisha umeme kwenye betri) wa kwenye chesesi, nyuzi nusu zimekatika na boliti lina kutu kama sufuria la kangara. Akasugua kwa brashi ya waya na msasa mpaka chuma kikang'aa maana juu ya rangi ethi haishiki, akafunga mkanda mpya, akakaza, NDO akapaka grisi juu. Kupima tena 0.1.

Elfu ishirini na mkanda humohumo. Ubaya wake foleni, na hana kivuli, jua la Tabora mnalijua. Nimemwachia na ile ethi ya taa za nyuma, Jumamosi narudi.